Mabati ya Siwema na Fahari Isiyoshikika

Iko nchi moja, na tafadhali usiniulize iko wapi, maana huko anayeuliza sana huombwa kitambulisho, kisha huombwa kitambulisho cha mtu anayemfahamu. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi hupaswa kuwa nacho: bendera, wimbo, picha ya Rais kwenye kila njia panda, na Waziri wa Fedha. Kilichokuwa kimepungua kidogo ni fedha.

Waziri huyo, Mheshimiwa Daktari Tambo, alikwenda nchi za baridi kuhudhuria mkutano juu ya jambo ambalo hakuna aliyelielewa, akarudi amelielewa. Aliporudi aliwaita wananchi uwanjani. Siwema alikwenda na mtoto wake mchanga, Mwatime, mgongoni, kwa sababu mjumbe alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema kuhudhuria ni hiari na majina ya wasiohudhuria yatasomwa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "pesa ya karatasi inachanika, inanuka, inaliwa na mende. Pesa ya chuma inatoboa mifuko. Serikali yenu sikivu imetafuta pesa isiyochanika, isiyonuka na isiyotoboa, na baada ya utafiti wa kina imegundua kwamba pesa ya namna hiyo ni ile ambayo haipo."

Watu wakapiga makofi. Waziri akasubiri yaishe, akaendelea kueleza kwamba pesa hiyo itaitwa Fahari. Kwa kuwa haipo mahali popote, haiwezi kuibiwa mahali popote. Haitakuwa na mkubwa wala mlezi, wala benki itakayoishika, wala mtu yeyote atakayeisimamia. Na ili kuhakikisha kwamba haisimamiwi na mtu yeyote, yeye mwenyewe ameteuliwa kuisimamia.

Mzee mmoja wa mbele aliuliza, kwa adabu, kitu kisichokuwepo kitapataje thamani. Waziri akamjibu kwamba kina thamani kwa sababu kila mtu anaamini kina thamani. Mzee akauliza, na asiyeamini je? Waziri akasema swali hilo ni zuri sana, na askari wawili wakamchukua mzee pembeni, wakamsaidia kuamini.

Ikatangazwa Wiki ya Kuelewa. Kila raia aliyeelewa alibandikwa beji kifuani yenye neno NIMEELEWA. Wakaguzi hawakutaka kujua umeelewa nini, walitazama tu kama unatikisa kichwa. Siwema alitikisa, akapewa yake. Mwatime naye alikuwa akisinzia mgongoni, kichwa kikimwenda mbele na nyuma, naye akapewa.

*

Ukweli ni kwamba Siwema angependa kuelewa kweli. Alikuwa mtu wa kupenda kujua jambo mpaka mwisho wake. Lakini mbele ya kuelewa lilikuwako jambo jingine lisilosubiri, nalo ni kuta.

Yeye na mumewe, Hamduni, walikuwa wakiishi katika chumba kimoja cha mama mkwe wake, Bi Mwanapili, mtaa wa Kisimani. Mwaka mzima walikuwa wakijenga chumba chao ubavuni, kuta za udongo, wamezikandika kwa mikono yao wenyewe, Siwema akikanda na tumbo lake la miezi minane. Kuta zilikuwa zimesimama vizuri, zimenyooka, zimekauka. Paa halikuwapo, ila kenchi zake za mbao tu. Na kila mtu anajua ukuta wa udongo usio na paa ukinyeshewa na masika hugeuka kuwa kile ulichokuwa kabla hujaukandika. Siwema alikuwa ameweka akiba kwa kuuza vitumbua, kitumbua kwa kitumbua, ya kununua mabati ishirini. Masika yalikuwa njiani.

Basi ilipotoka amri kwamba pesa za zamani zibadilishwe, Siwema alipanga foleni akampa karani akiba yake yote. Karani alizihesabu, akaziweka ndani ya gunia, kisha kwa heshima kubwa akamnyooshea mikono yake miwili. Haikuwa na kitu. Siwema akapokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na mama yake, akasema ahsante.

Karani akamwambia achague jina la siri, ambalo ndilo litatumika katika kila kununua na kuuza, ili asijulikane. Siwema akachagua Sisimizi. Akauliza kama kweli hakuna atakayejua kuwa Sisimizi ni yeye.

"Hakuna," alisema karani, "isipokuwa wanaokujua."

Kisha akanong'onezwa sentensi ndefu ya siri. Huo ndio ufunguo, akaambiwa. Asiiandike, asimwambie mtu, na asiisahau, maana bila hiyo fahari zake hazitoki. Siwema aliitia sentensi yake katika wimbo wa kumbembelezea Mwatime, akawa anauimba kwa kuguna tu, bila maneno, na mtoto alilala nao vizuri.

Bi Mwanapili hakuvuka hata geti na yake. Alikuwa ameuza mbuzi wake wote ili kuchangia paa, na pesa zao zikawa fahari, na sentensi yake akanong'onezwa vilevile. Ila getini alikutana na jirani yake wa zamani, na Bi Mwanapili si mtu wa kumpita mtu. Walisabahiana, wakaulizana watoto, wajukuu, mguu unaosumbua, mkwe aliyeko ng'ambo, na kisima kama bado kina maji ya chumvi. Walipofika kwenye "haya, wasalimie," sentensi ilikuwa imeondoka zake.

Serikali haikumtupa. Ilikuwa na Idara ya Waliosahau, yenye jengo kubwa kuliko hospitali. Afisa wa hapo alimpokea kwa heshima, akamwonyesha ubaoni jina lake la siri na fahari zake zote.

"Zile pale, bibi. Ziko salama kabisa."

"Basi nipe, mwanangu."

"Haiwezekani, bibi. Ndivyo zilivyo salama."

Akaruhusiwa kuja kuzitazama siku yoyote ya kazi. Kuanzia hapo paa likawa linategemea fahari za Siwema peke yake.

*

Hamduni alipata kazi katika Machimbo ya Taifa. Jina lilimpa moyo, akaenda na sururu, wakamcheka mlangoni. Machimbo yalikuwa ukumbi uliojaa vijana wa kiume wameketi mikekani. Mbele yao lilikuwapo sanduku lililofungwa, na ndani ya sanduku namba moja ndefu kama foleni ya zahanati. Kazi ilikuwa kuibahatisha. Vijana walitaja namba kwa sauti kuanzia asubuhi, kila mmoja zake, na aliyepatia alipewa fahari mpya kabisa, ambayo haikuwapo kabla hajapatia na haikuwapo baada ya kupatia. Tena alikabidhiwa baragumu, akapata heshima ya kutangaza miamala ya siku hiyo. Kisha sanduku linafungiwa namba nyingine, wanaanza upya.

Feni za kuwapepea zilikula umeme wa mji mzima. Siwema alimuuliza mumewe namba yenyewe ina kazi gani ikishapatikana.

"Haina."

"Sasa mnaitafuta ya nini?"

Hamduni alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na kazi ilikuwa imempausha midomo. "Nadhani ni ili isiwe rahisi," alisema. "Mtu akiwa ametoka jasho jingi hivyo kupata zamu ya kutangaza, hataipoteza kwa kutangaza uongo."

Siwema aliona hilo lina mantiki kidogo, akashangaa.

Miamala yenyewe ilipaswa kuhifadhiwa na kompyuta. Zilikuwa zimenunuliwa, tena nyingi, lakini zilikuwa bado ndani ya maboksi zikisubiri Rais aje azizindue, na Rais alikuwa akisubiri mkasi wa kukatia utepe. Kwa hiyo Waziri alitoa waraka kwamba kwa wakati huu wa mpito kila mtaa utakuwa kompyuta. Muamala ukifanyika, baragumu linapigwa, watu wote wanatoka nje, wanausikia na wanaukariri. Na ili asitokee mjanja wa kuchomeka la kwake, kila muamala mpya lazima uanze kwa kushika mkia wa ule uliotangulia, na yote isomwe toka wa kwanza. Waraka uliita jambo hili Mnyororo.

Basi Kisimani asubuhi ilikuwa hivi. Unataka fungu la mchicha. Baragumu linalia. Mtaa mzima unatoka, mwenye povu la mswaki na mwenye mwiko mkononi, wanasema kwa pamoja: Ua la Mbilimbi alimpa Somji fahari moja ya sukari, baada ya hapo Kiboko wa Njaa alimpa Ua la Mbilimbi nusu fahari ya maandazi, baada ya hapo, baada ya hapo, mpaka wanafika kwako na mchicha wako, ambao kwa wakati huo umeshanyauka. Wageni waliopita waliudhania mtaa kuwa chuo cha Kurani.

Wanawake hawakuona taabu. Wanawake wa Kisimani hutuzana kwenye harusi, na kila anayetuza hutajwa kwa sauti na alichotoa: nani katoa sahani, nani katoa khanga, nani kaahidi sufuria akaleta kifuniko. Hakuna anayeandika na hakuna anayesahau. Siku ya harusi ya binti wa yule aliyekutuza unarudisha kinachozidi kidogo ulichopewa, na ukipunguza, utaimbwa. Kwao Mnyororo ulikuwa harusi isiyokuwa na bibi harusi.

*

Katika mtaa huo alikuwako diwani, Mheshimiwa Kibwana, mtu mnene mwenye sauti laini. Jina lake la siri lilikuwa Simba Mtulivu, na hakuna aliyelijua ila watu wote, kwa kuwa alikuwa amelitumia mwenyewe katika hotuba ya kuwahimiza watu wasitaje majina yao ya siri.

Diwani Kibwana alimwamini sana Waziri, hasa pale aliposema hakuna atakayejulikana. Kwa imani hiyo alikwenda dukani kwa Bwana Somji, ambaye mbele aliuza sukari na vitambaa na nyuma aliuza mabati, akanunua khanga. Baragumu likalia. Kijana aliyepatia namba siku hiyo alitangaza bila kupunguza neno, kama sheria isemavyo, kwamba Simba Mtulivu amempa Somji fahari mbili za doti ya khanga yenye maandishi WEWE NDIYE NILIYEKUWA NIKIKUNGOJA.

Mkewe, Bi Mgeni, alikuwa amesimama palepale na mwiko. Alikariri pamoja na wenzake. Kisha alikwenda nyumbani akangoja khanga. Khanga haikuja.

Siku hiyohiyo Waziri alitabasamu. Hili lahitaji maelezo. Nje ya benki palikuwa na ubao wa bei ya fahari, na karani mwenye darubini aliyekuwa akimtazama Waziri kutwa. Akitabasamu, fahari inapanda. Akikohoa, inashuka. Asubuhi ile Waziri aliletewa supu nzuri, na ghafla fahari moja ikawa sawa na bati moja zima. Siwema alikuwa na fahari ishirini na ushei. Alimfunga Mwatime mgongoni, akakimbia, ndala mkononi. Kwa Somji alinong'ona sentensi yake bila kukosea hata herufi, na baragumu likalia mara ya pili: baada ya Simba Mtulivu na khanga yake, Sisimizi alimpa Somji fahari ishirini za mabati ishirini.

Akataka kuyapakia. Bwana Somji akamzuia kwa upole. Sheria, alisema, inamtaka muuzaji asitoe mzigo mpaka miamala sita mingine ilale juu ya huo, ndipo ujulikane umekauka na hauwezi kung'olewa.

"Mwanangu, ni kama udongo wako. Ukuta mbichi huuwekei paa."

Siwema akaenda mlango kwa mlango akiwasihi majirani wanunue kitu. Mmoja alinunua limau ambalo hakulitaka. Mwingine alisukwa nywele zilizokuwa zimesukwa jana. Ikapita sukari, ukapita mkaa, yakapita mafuta ya taa. Mitano. Upande wa kusini mawingu yalikuwa yamejipanga, meusi, yana haraka.

*

Ndipo Diwani Kibwana aliposimamisha Mnyororo, akaagiza pasiuzwe kitu kwanza.

Kila asubuhi, kila limau liliponunuliwa, mtaa mzima ulikuwa ukipita kwenye khanga yake kwa sauti moja, watoto wakivuta neno NIKIKUNGOJA kama wimbo. Nyumbani Bi Mgeni alikuwa akimpakulia chakula na kumtazama akila, na Diwani alikuwa amepungua mashavu. Akaenda kwa Mkaguzi wa Mnyororo, Bwana Pandu, akaomba muamala ule ufutwe. Mkaguzi akamwambia Mnyororo haufutiki kamwe, ni wa milele, ndio ubora wake. Haufutiki isipokuwa nusu ya mtaa na mtu mmoja zaidi wakikumbuka vinginevyo. Kifungu kilikuwepo. Diwani mwenyewe alikuwa amekipigia makofi.

Lakini mnyororo ukichomoa pete moja, zote zilizoshika mkia wake zinaanguka nayo. Khanga ikisahauliwa, yanasahauliwa na mabati, na sukari, na mkaa, na kila kilichofuata. Diwani alikwenda nyumba kwa nyumba akieleza kwamba hakuna atakayepata hasara, na hapo hakusema uongo. Aliyenunua sukari ameshaikoroga. Akirudishiwa fahari yake atakuwa amekunywa chai bure. Aliyesukwa, kichwa hakitafumuliwa. Hata Somji alifurahi, kwa sababu Waziri alikuwa amepata mafua tangu juzi, akikohoa mfululizo, na fahari ishirini alizopokea sasa zilinunua misumari ya bati, bila bati. Kumrudishia Sisimizi fahari zake na kubaki na mabati yake kulimpendeza sana.

Kila mtu angenufaika kwa kusahau. Isipokuwa mmoja, ambaye angerudishiwa pesa yake yote, kamili, haitoshi hata kenchi.

Diwani alimfikia Siwema mwisho. Aliketi kwenye kigoda, akamsifu mtoto. Akasema anajua habari ya mabati, naye ni mzazi. Basi Siwema asahau pamoja na wenzake, na likishapita hili yeye mwenyewe, Kibwana, atamnunulia mabati ishirini mapya, ya geji nene. Neno la mwanamume.

Siwema alimshukuru. Alitamani sana kuamini. Diwani alipotoka, Siwema alikwenda akasimama ndani ya chumba chake kisicho na paa, akaweka kiganja ukutani. Tone moja la mvua lilikuwa limeshapita juu ya ukuta na kuacha mfereji mdogo, kama chozi kwenye uso wenye vumbi. Akawaza kwamba ahadi ya Diwani nayo imetolewa baada ya khanga. Watu wakishajua kusahau kuanzia pale, watakumbuka vipi lililosemwa jana kwenye kigoda?

*

Siku ya kusahau iliandaliwa pilau. Mchele na nyama Diwani alinunua kwa noti za karatasi, zilizotoka chini ya godoro lake zikiwa zimenyooka, maana viongozi walikuwa wameelewa Fahari mapema kuliko watu wengine. Wapishi walikuwa wanawake wa mtaa wenyewe, kwa kuwa nani mwingine anapika.

Masufuria yalikuwa nyuma ya nyumba ya Diwani. Bi Mgeni ndiye aliyeshika usukani, akionja, akiagiza kuni zipunguzwe. Siwema alikuwa akimenya vitunguu saumu, Mwatime amelala juu ya khanga kando yake. Mazungumzo yalikuwa ya furaha, nani atachukua ukoko, nani alificha kipande cha figo. Mwanamke mmoja akasema, bila ubaya, kwamba kusahau kwa sahani ya pilau si kazi ngumu, yeye amewahi kusahau mume kwa chini ya hapo. Wakacheka. Siwema hakucheka, wakamwona.

"Sisimizi, sema tu," wakamwambia.

Siwema aliweka kisu chini. "Dada zangu, mimi sijui Fahari ni nini. Ninavaa beji lakini sijui. Ninachojua, siku ya harusi yangu mlinituza. Sufuria lile pale la pembeni ni mojawapo, na aliyenipa amesimama hapo. Hakuna aliyeandika. Kitu pekee kinacholifanya liwe langu ni kwamba nyote mnakumbuka nilipewa." Akamfunika Mwatime moshi usimfikie. "Tukijifunza kusahau leo, mimi nitakosa paa. Nyinyi mtakosa nini, sijui. Lakini siku mtakapokitafuta mtaniuliza, nami nitakuwa nimeshajifunza."

Bi Mwanapili, aliyekuwa akipepeta mchele, alisema yeye sentensi ya serikali imempotea getini, na hana hakika hata alikula nini asubuhi. "Ila aliyeahidi sufuria kwenye harusi ya mwanangu akaleta kifuniko," alisema, "huyo ninaye." Mwanamke mmoja akainama kutazama moto.

Macho yakaenda kwa Bi Mgeni. Pilau ilikuwa ya mumewe, na aibu ilikuwa ya nyumba yake. Alichota mchuzi kwa mwiko, akauonja.

"Mimi nimeisikia khanga ile kila asubuhi," alisema. "Nimeshaizoea. Nikiacha kuisikia nitaanza kujiuliza kama amenunua ya pili." Kisha akaagiza iongezwe iliki.

*

Mtaa ulikula. Diwani alipita kati ya masinia akiwahimiza, Mkaguzi Pandu akala sahani mbili kwa niaba ya Wizara na moja kwa niaba yake. Watu walipokwisha kunawa, Mkaguzi alisimama, akajifunga tai, akatangaza kwamba Mnyororo sasa utasomwa na wananchi kwa utashi wao huru, kama wanavyoukumbuka, na kile watakachokikumbuka wengi ndicho kilichotokea.

Baragumu likapigwa.

Walianza pamoja, wanaume na wanawake, Ua la Mbilimbi na sukari yake, Kiboko wa Njaa na maandazi. Sauti zilikuwa nzuri, za watu walioshiba. Diwani alikuwa akitikisa kichwa kwa mahadhi. Wakakaribia penyewe. Sauti za wanaume zikapungua, zikawa kama maji yanayokauka kwenye bomba, na Diwani akafumba macho.

Sauti moja iliendelea. Ilikuwa ya Bi Mgeni, ameketi mkekani, amekunja mikono, anatazama mbele. Alisema polepole kwamba baada ya hapo Simba Mtulivu alimpa Somji fahari mbili za doti ya khanga, akayataja maandishi yake neno kwa neno.

"Baada ya hapo," akaitikia Siwema, na sauti yake haikuwa peke yake. Wanawake wote walikuwa wameingia, Sisimizi alimpa Somji fahari ishirini za mabati ishirini, na wakaendelea, limau, nywele, sukari, mkaa. Hapo ndipo Diwani alipogundua kosa lake. Alikuwa amewashibisha watu ambao midomo yao ilikuwa imeshazoea njia. Wanaume waliokuwa wameahidi kusahau walijikuta wamedakia kwenye nywele. Hamduni alikuwa akisema kwa nguvu kuliko namba zake zote. Na Somji mwenyewe, aliyekula kwa mikono miwili, alisikika kwenye mkaa akilitaja jina lake. Walipofika mafuta ya taa, mtaa mzima ulikuwa unaimba.

Mnyororo ulikuwa umekwisha. Lakini hawakusimama. Sijui nani alianza. Bi Mwanapili anasema si yeye, ila kumbukumbu yake tunaijua.

"Baada ya hapo Simba Mtulivu aliupa mtaa pilau ya nyama, ili tusahau khanga."

Diwani akasimama, akasema pilau haikuwa muamala, ilikuwa ukarimu. Mkaguzi Pandu akafungua kanuni. Ni lazima niseme kwamba Mkaguzi alilipwa posho kwa kila muamala anaoupitisha, na siku ile hakuwa amepitisha hata mmoja. Alisoma kifungu kwa sauti: kitu kikitoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kitu kikatarajiwa kurudi, huo ni muamala. Akauliza kama Mheshimiwa alitarajia chochote kwa pilau yake. Mheshimiwa akatazama masinia matupu, kisha akamtazama mkewe.

"Umepita," alisema Mkaguzi, akagonga muhuri. Kisha akahesabu kwa vidole, maana alikuwa mtu wa taratibu, na akamgeukia Bwana Somji. "Huu ni wa sita juu ya mabati. Yamekauka. Mpe mwanamke mzigo wake."

*

Somji alitoa mabati huku akiguna kwa kila moja. Hayakwenda kwa mkokoteni, yalikwenda kwa vichwa. Watu waliokula pilau ya kusahau waliyabeba wawili wawili mpaka kwa Bi Mwanapili, na nyundo zikaanza. Misumari michache iliyopungua Hamduni aliinunua kwa fahari mbili za ushei zilizobaki, na baragumu likalia wakati mtu yuko juu ya kenchi, naye akakariri akiwa juu.

Mvua ilifika kabla ya bati la mwisho kuingia mahali pake. Ilikuja mchana kweupe, nzito, ikamlowesha Hamduni mgongo mzima alipokuwa akipigilia pembe ya mwisho. Akateremka, akaingia ndani. Siwema alikuwa amesimama katikati ya chumba na Mwatime kifuani, akitazama juu, kisha akitazama kuta. Chini, kwenye kona, udongo ulikuwa umelowa upana wa kiganja. Hapo tu.

Kelele za mvua juu ya bati zilikuwa kubwa kupita sauti ya mtu. Kwa mbali, pengine baragumu lilipigwa, pengine halikupigwa. Mheshimiwa Waziri Tambo siku ile alihutubia taifa juu ya mafanikio makubwa ya kompyuta ya Kisimani, lakini Kisimani hawakumsikia. Hamduni alisogeza mdomo kama mtu anayeuliza kitu. Siwema alimwonyesha sikio lake kwamba hasikii, akacheka, akamwonyesha mahali pakavu pa kukaa.